Pilipili za Ukuta wa Jiko

Kijana mmoja muuza mbogamboga sokoni Kiwira ameniambia, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, kwamba pilipili haioti huku kwetu. Nilikuwa nimemuuliza kama ana miche. Akasema miche ya nini, mama, huku ni baridi, pilipili inatoka Kyela, chukua hizi hizi uende. Hizo zenyewe alikuwa amezipanga kwenye kisahani cha plastiki, nyembamba kama kucha za mtoto mchanga, na kwa bei aliyotaja ungeweza kumshonea kuku suti. Nikaokota moja nyekundu, nikaivunja, nikainusa. Basi hapo hapo katikati ya soko, kikapu mkononi, nikawa nina miaka minane, nimelowa ukungu mpaka ndani ya masikio, na nina hasira za kutosha kuivisha sufuria la maharage.

Hasira hizo hazijaisha hadi leo, na sioni kwa nini ziishe. Nyinyi wa rika langu, mliokulia nyumba ambazo betri za redio zilianikwa juani kama dagaa, mtanielewa. Watoto wa siku hizi wakikasirika wanafunga mlango wa chumba. Sisi hatukuwa na chumba. Hasira zetu tulitembea nazo, tukachota nazo maji, tukalala nazo kitanda kimoja.

Nyumbani kwa babu ni juu ya Kiwira, kule barabara inakoanza kuhema na viazi kuchukua mashamba yote. Baridi ya kule siwezi kuieleza kwa mtu aliyekulia Dar. Miezi ya kipupwe ukungu uliingia ndani kama mgeni aliyealikwa, ukakaa, ukala, ukaulizia na chakula cha jioni. Shati lililoanikwa Pasaka lilikauka Krismasi. Nimewahi kumwona jogoo akifungua mdomo alfajiri, na sauti ikatufikia tukiwa tunakunywa chai. Anayebisha akalale huko usiku mmoja bila blanketi, kisha tuongee.

Tulihamia pale baada ya bibi, mama yake baba, kufariki. Kabla ya hapo tulikaa Kyela, kwao mama, kwenye joto, mpunga na maembe ya kuokota. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Mbeya kesho Songea, na babu alibaki peke yake na ng'ombe wake na paka mmoja asiyempenda mtu. Kikao cha ukoo kikaamua kwamba mke wa mtoto wake ahamie huko akaangalie nyumba. Mama hakuwa kwenye kikao. Aliambiwa siku lori lilipokuja kupakia vyombo. Akafunga sufuria, akanifunga na mimi kwenye sweta la kuazima lenye mikono ya mtu mzima, na kwenye pindo la khanga yake akafunga mbegu za pilipili kichaa kutoka kwenye mti uliokuwa mlangoni kwa mama yake.

Mama yangu bila pilipili hakuwa mama yangu. Viazi vya kule, ambavyo mimi nilivipenda, yeye alivitazama sahanini kama mtu anavyomtazama jirani asiyejibu salamu. Alikuwa anakonda. Alikuwa pia ameacha kuimba, na hilo hakuna aliyeliona isipokuwa mimi. Shangazi Tupokigwe, dada yake baba, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu lakini akaishi kwetu kwa maneno na matendo, alipoziona zile mbegu alicheka akashika kiuno. "Wifi yangu, umesafiri na moto kwenye pindo la nguo? Huku moto ni kuni."

Mama alizilowanisha zile mbegu, akazifunga kwenye kitambaa, akakitia kifuani na kutembea nacho siku kadhaa kama kuku anayelalia mayai. Zilipopasuka akazihamishia kwenye kopo la maziwa lenye udongo, akaliweka juu ya uchaga, pale juu ya moto ambapo tulikaushia mahindi. Zikaota vizuri, majani mawili mawili, kijani cha kuchekesha kwenye moshi ule. Akazipeleka bustanini kando ya viazi. Mvua ya baridi ikanyesha juu yake usiku na mchana, zikapauka, zikalala chini, zikafa. Akaotesha nyingine. Nazo zikafa, hizo hata hazikupauka kwanza. Akafungua pindo la khanga mara ya tatu, na safari hii pindo lilibaki tupu.

Siku zile mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Kyela. Walikuwa jikoni, na mimi nimekaa kwenye kinu kilicholala nikila kiazi cha kuchoma, maana watu wazima wanaamini mtoto anayekula hasikii. Mama alionyesha lile kopo kwa mwiko. "Hizi zikikataa kuishi hapa, na mimi nakataa. Nachukua mkoba wangu narudi." Mama mdogo akacheka, akasema utamwachia nani huyu. Mama hakucheka. Nikatazama juu: mkoba wa mama ulikuwa umening'inia kwenye boriti, mwekundu, zipu yake nzima kabisa. Kiazi kikanishinda. Kuanzia dakika ile, maisha yangu yote yalitegemea pilipili.

Mama mwenyewe ndiye aliyeugundua ukuta wa jiko. Jiko letu lilikuwa nje, la matofali mabichi, na mafiga yalikaa karibu na ukuta wa nyuma. Siku moja alizunguka nyuma kuokota kuni, akaegemeza kiganja ukutani, akabaki amesimama hivyo muda mrefu. Akaniita niguse. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Upande wa ndani moto uliwaka kutwa, na upande wa nje uliangalia jua linakotoka, kwa hiyo asubuhi, kabla ukungu haujashuka, ulipigwa na jua huku na moto huku. Ukubwani, nilipokuwa nasoma shule ya jioni, mwalimu alituuliza mmea unahitaji nini ili ukue. Nikanyoosha mkono nikaanza kueleza habari za ukuta wa mama. Nikaeleza mpaka umeme ukakatika, na gizani nikaendelea. Kama kuna mahali ambapo Kyela ilikuwa imejificha katika milima ile, ilikuwa ni nyuma ya jiko letu, upana wa mikeka miwili.

Tatizo ni kwamba mahali pale palikuwa na mwenyewe. Kila asubuhi baada ya uji babu alibeba kigoda chake, akakiweka nyuma ya jiko, akakaa ameegemea ukuta akiota jua mpaka ukungu uje umfukuze. Na kati ya babu na mama kulikuwa na mambo.

Kwa wasiotujua niseme. Kwetu Wanyakyusa, hasa enzi zile, mke na baba mkwe wake hawakutani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawasemezani. Mwanamke akisikia mkwe wake anakuja njiani, anaacha njia. Ni heshima, tena heshima kubwa. Wenyewe wanasema ndiyo inayoshikilia nyumba. Babu alikohoa kila alipotoka mlangoni ili kutoa taarifa, na kikohozi chake kilisikika mpaka Malawi. Mama akikisikia alizama migombani na ndoo yake kichwani. Kuna siku migomba ilikuwa mbali, akaruka kwenye shimo la mbolea na maji yake yote, na babu akapita akitazama juu kama anahesabu ndege angani. Mimi nilisimama katikati ya njia nikiwatazama wote wawili. Hakuna mtu aliyenieleza kitu. Nilijifundisha mwenyewe, na nilichojifundisha ni kwamba watu hawa wanachukiana kupita kiasi, na kwamba babu ndiye aliyeanza.

Mama alipanda ile miche mchana mmoja babu alipokwenda kuangalia ng'ombe. Aliipanga kwenye mguu wa ukuta, akaizungushia majivu, na katikati akaacha pengo la upana wa kigoda. Kesho yake babu akaja, akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka kigoda kwenye pengo na kukaa, vimche huku na huku, kama askofu katikati ya mishumaa. Hakusema neno.

Neno lilikuwa kazi yangu. Sasa sikilizeni mateso yangu. Mama yuko ndani ya jiko anakoroga ugali. Babu yuko nje nyuma ya jiko anaota jua. Kati yao kuna tofali moja, tena bichi, tena lenye ufa. Babu akimeza mate mama anasikia. Mama ananiita, anasema kwa sauti ya kawaida, Atu, mwambie babu yako maji ya kunawa asiyamwage kwenye miche. Mimi natoka, napita banda la kuku, naruka tope, namkwepa mbwa, nazunguka jiko, namkuta babu amekaa kama mtu asiyejua lolote duniani. Namwambia mama anasema maji usimwage kwenye miche. Babu anainua nyusi, anashangaa, loo, kumbe. Mwambie nimesikia. Narudi: mbwa, tope, kuku, mlango. Mama anasikiliza kwa makini jibu alilokwisha kulisikia kwa masikio yake mawili. Haya, anasema, mwambie asante. Nikijumlisha mbio zile zote, nilishafika Zambia nikarudi, tena peku.

Nilijaribu kugoma. Siku moja nilimwambia mama si amekusikia. Nilifinywa sikio, nikaambiwa nisirudie tena maneno ya kukosa adabu. Siku nyingine nilibaki mlangoni nikahesabu kimoyomoyo muda wa kwenda na kurudi, nikaingia nikasema babu amekubali. Babu kule nyuma akakohoa kile kikohozi kirefu cha kusema mtoto huyu hakufika. Walikuwa maadui, lakini kwa kunikamata mimi walikuwa kitu kimoja.

Miche ilikua. Nataka yule kijana wa Kiwira asikie: ilikua. Ilikua taratibu, kwa kununa, jani moja likitoka leo na jingine likisubiri barua ya mwaliko. Kipupwe kilipoingia ikawa na maua meupe madogo yanayotazama chini. Nyuki hawakutoka kwenye ukungu ule, kwa hiyo mama alinifundisha kuyagonga maua kwa ncha ya kidole, taratibu, kila asubuhi, vumbi lake lishuke. Nilikuwa nyuki wa nyumba ile pamoja na kuwa posta yake. Maua mengi yalidondoka kwa baridi. Kila ua lililodondoka nililiokota nikalificha mfukoni ili mama asilione, na jikoni nilikuwa nakagua boriti kama mkoba bado uko pale.

Ndipo asubuhi moja, mama bado hajawasha moto, nilitoka kwenda kukojoa nikamwona babu nyuma ya jiko. Alikuwa ameinama juu ya pilipili, mikono ndani ya majani. Alipogeuka alikuwa anafunga kifungo cha koti lake, lile koti zito la sufu alilopewa zamani alipokuwa mlinzi, na jani la pilipili limemnasa kidoleni. Aliponiona alikohoa, akaenda zake.

Sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilielewa kila kitu, kwa ule uelewa wa moto wa mtoto wa miaka minane ambao hakuna mahakama inayoweza kuutengua. Babu anataka ukuta wake. Anazinyonyoa pilipili kidogo kidogo alfajiri ili zife zenyewe. Zikifa, mama anashusha mkoba. Na mimi nitabaki hapa kwenye ukungu na shangazi Tupokigwe na paka.

Nikatangaza vita. Nilikichukua kigoda chake nikakitupa juu ya banda la kuku. Babu akakitafuta, akakiona, akakishusha kwa fimbo, akakaa. Kesho yake nikakiingiza kwenye mtungi mkubwa. Akakipata. Nilikificha migombani, nikakifunika na majani ya ng'ombe, nikakipeleka hata kwa jirani. Mzee yule hakuniuliza hata mara moja, na ukimya wake ulinitia hasira mara mia. Kisha, asubuhi moja, alikichukua kigoda mwenyewe akaenda kukaa kando ya zizi la ng'ombe, kwenye kivuli, mahali ambapo hata ng'ombe walikuwa hawapendi. Na kesho yake tena pale. Na siku zote zilizofuata. Nilikuwa nimeshinda. Nilitembea mbele ya kuku kifua mbele kama mkuu wa mkoa.

Furaha yangu haikudumu, kwa sababu shangazi alikuwa na macho. Aliona baba yake anakaa kivulini. Akaona koti la sufu linalowa kila asubuhi, zito kama mtu aliyezama, halikauki. Akasikia kikohozi, na safari hii hakikuwa kile cha kutoa taarifa. Hiki kilitoka chini, kilimkunja mzee mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akaona pia pilipili za mama, zimesimama ukutani na vitunda vya kijani, zinaota jua la babu. Shangazi akajumlisha. Jibu alilopata alilitembeza kijiji kizima: mke amemwondoa baba mkwe wake juani ili apande pilipili.

Kwa watu wetu hilo si neno dogo. Ni afadhali uambiwe umeiba.

Jumapili moja baada ya ibada walikuja. Baba alikuwa amerudi safari, kachoka, macho mekundu. Alikuja babu mdogo, yaani mdogo wake babu, na shangazi akiwa na khanga mpya kabisa kama mtu anayekwenda harusini. Wakakaa nyuma ya jiko, pale pale ukutani, kwa sababu hata mahakama ilihitaji joto. Babu wakamletea kigoda. Mama alikuwa ndani ya jiko, mlango umefungwa, maana hakuruhusiwa kutokea mbele ya mkwe wake kujitetea. Mimi nilikuwa naye. Moto ulikuwa umezimika na hakuuwasha. Tulisikia kila neno kupitia ule ufa.

Shangazi alisema yote. Alisema koti, alisema kikohozi, alisema kivuli. Alisema watu wa Kyela wanajua mpunga lakini heshima wameiacha ziwani. Baba alijaribu kusema kitu, akaulizwa yeye yuko nyumbani siku ngapi katika mwezi. Babu mdogo akasema kwa upole kwamba dawa ni ndogo tu, mimea ing'olewe, mzee arudi mahali pake, yaishe. Mama alikuwa amesimama akisikiliza, mikono imening'inia. Kisha akapanda juu ya kinu, akanyoosha mkono kwenye boriti, akaushusha mkoba. Akaupangusa masizi kwa pindo la khanga. Zipu ilipofunguka ilitoa sauti, na nina hakika kule nje waliisikia.

Nilitoka mbio. Sijui nilitaka kufanya nini. Nadhani nilitaka kumng'ata mtu. Nilipofika nyuma ya jiko shangazi alikuwa ameinama, ameshika shina la pilipili ya kwanza kwa mikono miwili.

"Liache," babu akasema.

Shangazi akabaki ameinama. Babu akaniona. "Atu," akasema, na mimi nikajiandaa, kwa mazoea tu, mguu mmoja mbele. Akatikisa kichwa. "Wewe kaa chini. Umekimbia vya kutosha." Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mzee mwingine akilifanya. Alinyanyuka, akakigeuza kigoda, akakaa akiwapa wote mgongo na uso wake ukitazama ukuta. Akaanza kuongea na pilipili.

"Nyinyi pilipili," alisema, polepole, kwa Kiswahili chake kizito. "Nilisikia siku ile mgeni wenu alipokuja. Nilisikia mnataka kurudi Kyela. Ukuta huu ni mwembamba. Sasa mimi ni mtu mzima, jua nimeota miaka mingi. Nikikaa hapa nawawekea kivuli, ndiyo maana nikahama. Sikufukuzwa. Usiku baridi inawaumiza, nawafunika na koti, asubuhi naliondoa mwenye mimea asije akalikuta akaona aibu. Koti ni langu. Nani ananidai?" Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Msiende. Nyumba hii ilikuwa na baridi kabla hamjaja."

Hata ule ukungu nadhani ulisimama mlimani kusikiliza. Shangazi aliliachia lile shina kidole kimoja kimoja. Angesema nini? Mzee hakuwa amemsemesha mkwe wake. Alikuwa anaongea na mboga.

Kisha, ndani ya jiko, tukasikia zipu. Zipu ikifungwa na zipu ikifunguliwa zinalia sauti moja, na mimi nilikuwa nje, sikuona. Nilishika magoti yangu. Halafu sauti ya mama ikapita kwenye ufa, ndogo lakini imenyooka.

"Pilipili, mmesikia. Mzee akisema mkae, mtakaa. Lakini mwambieni avae koti lake. Nina magunia humu, nitawafunika mwenyewe."

"Ndaga fijo," babu akayaambia majani, yaani asante sana.

Babu mdogo akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho. Baba akacheka. Shangazi akasema aah, haya, ukoo huu, akakunja khanga yake mpya. Na mimi nikaangua kilio. Wote wakanipapasa kichwa, maskini mtoto, anampenda mama yake. Nampenda, ndiyo, lakini sikuwa nalilia hilo. Nilikuwa nalia kwa hasira. Kumbe inawezekana! Kumbe tangu mwanzo mtu angeweza kuligeukia jani, kuku, au jiwe, akasema neno lake likafika! Yale matope yote, yule mbwa, lile sikio lililofinywa, safari za Zambia peku, zote zilikuwa za nini? Na ushindi wangu je, vita vya kigoda nilivyopigana bila jeshi? Hakuna aliyekuwa ameshindwa. Mzee alihama kwa hiari yake, na mimi nilikuwa natamba mbele ya kuku bure. Kama si udhalimu huo, neno udhalimu libaki kwenye kamusi.

Toka siku hiyo nyumba ile iligeuka. Asubuhi babu alipitia ukutani kabla ya kwenda zizini, akazisalimia pilipili, akaziuliza zimelalaje, na pilipili zikajibu kwa sauti ya mama kwamba zimelala salama, na uji uko tayari, na mzee asisahau dawa yake. Alizilalamikia chumvi. Zikamjibu chumvi ikizidi ni ya wale wanaonusa sahani kabla ya kula. Jua liliporudi zikaanza kuwa nyekundu, moja, kisha nyingine, kisha ukuta mzima kama umewashwa. Ya kwanza mama aliiweka kwenye kisahani nikampelekea babu, aliyekuwa hajala pilipili maisha yake yote. Akaitafuna nzima. Machozi yakamtoka mpaka kidevuni, akasema ni moshi wa jikoni. Jikoni mama alisikia. Alikuwa anaimba.

Mkoba ulirudi kwenye boriti. Panya wakazalia humo, na hakuna aliyewabughudhi.

Babu alikuja kufariki nikiwa msichana mkubwa. Jioni ya maziko, watu walipopungua, mama alizunguka nyuma ya jiko na kukaa kwa mara ya kwanza kwenye lile pengo, ameegemea ukuta. Alikaa mpaka giza likaingia na sikusikia alichokuwa anakisema, ila midomo yake ilikuwa inatembea. Kipupwe kilichofuata pilipili zote zilikufa. Watu walisema zimekufa kwa majonzi, na upuuzi huo nao ulinikasirisha. Zilikufa kwa baridi. Mama hakukumbuka kuzifunika.

Sasa mama amezeeka, na mwezi ujao anakuja kukaa kwangu Ibighi moja kwa moja. Na kama mnavyojua, mkwe ni mkwe, hata mama mkwe na mume wa binti yake. Mara ya mwisho alipokuja alijifungia chumbani siku zote alizokaa, na mume wangu, mwanaume mwenye kitambi na cheo kanisani, alikuwa anatoka kwa mlango wa uani kama mwizi. Asubuhi moja nilikuwa nakanda unga nikamsikia mama chumbani akisema, mwambie baba yako chai imepoa. Mume wangu alikuwa sebuleni, pazia moja kati yao, pazia lenyewe jepesi. Nikasikia miguu ya binti yangu: pa, pa, pa, kwenda. Pa, pa, pa, kurudi. Unga nilioukanda siku hiyo uliumuka bila hamira.

Kwa hiyo yule kijana wa Kiwira asinieleze habari za baridi. Ile pilipili niliyoivunja alidai niilipie, nikalipa, nikaifunga kwenye pindo la khanga nikaja nayo nyumbani. Huku uani nina tanuri langu la mikate, na ukuta wake wa nyuma unatazama dirisha la chumba atakachokaa mama. Nimeugusa. Una homa ile ile. Mbegu nimezilowanisha, ziko kwenye kitambaa hapa kifuani wakati naandika, zinaniwasha kama mshenzi gani sijui.

Mume wangu aliuliza jana nimeficha nini humo. Nikamweleza yote, toka kigoda hadi koti. Akakuna kitambi, akatazama ule ukuta wa tanuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mvulana anayetumwa posa, sasa mimi hizo pilipili nitaziambia nini?

Nimemwambia aanze na salamu. Zitaitikia.